Mwenye Ng'ombe 0417

Programu yangu ilikufa saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya watu, mimi nikiwa nimekalia kigoda cha kuazima na ng'ombe akiwa amelala hatua chache mbele yangu, ameshindwa kuzaa. Naanza na programu kwa sababu, nisiwe mnafiki, ndiyo iliyoniuma kwanza. Ng'ombe alinishika baadaye.

Naitwa Felisita. Ni mtu wa Bariadi mjini, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, kazi ambayo shangazi zangu bado wanadhani ni kuchapa barua. Mwaka juzi niliandika programu moja kwa ajili ya mradi wa kuwavalisha ng'ombe hereni zenye namba. Nikaipa jina Zizi. Siku hiyo nilikuwa nimepanda pikipiki ya Sylvester, afisa mifugo, kwenda kijiji cha Kasoli ili nione inavyofanya kazi huko inakotumika, maana nilichoka kusimuliwa. Tukiwa njiani simu yake ikaita. Alikuwa mzee mmoja anaitwa Joakim. Ng'ombe wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki.

Tulipofika Joakim alitusalimia vizuri tu, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, nami nikamwitikia, lakini macho yake hayakumwacha yule ng'ombe. Alikuwa jike jekundu, ana baka jeupe kwenye paji, na hereni ya njano sikioni imeandikwa 0417. Joakim alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, anaishi peke yake, na pale uwanjani hapakuwa na ng'ombe mwingine. Alikuwa amemtandikia nyasi kavu, amemfunika blanketi lake mwenyewe, na ndoo tatu za maji ya uvuguvugu zilikuwa zimepangwa pembeni.

Sylvester alivua shati, akajipaka sabuni mpaka begani, akalala chini kifudifudi. Alihangaika mle muda mrefu. Kisha akainuka.

"Ndama ni mkubwa na kichwa amekikunja nyuma," alisema. "Yu hai, amenivuta kidole kwa mdomo. Lakini kumgeuza siwezi tena. Zimebaki njia mbili, baba. Nimpasue huyu mama ubavuni, nimtoe ndama mzima, lakini mama amechoka sana, sidhani kama atainuka. Au nimtoe ndama vipande vipande humu humu, na mama apone. Wote wawili siwezi kukuahidi. Chagua, halafu weka sahihi hapa."

Alimpa karatasi. Mwishoni paliandikwa: sahihi ya mwenye mnyama.

Joakim alirudisha mikono yake nyuma. "Mimi si mwenyewe. Huyu ni wa kuwekeshwa."

Hapa inabidi nieleze, kwa wasomaji wasio wa kwetu. Usukumani mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Ukiingia ugonjwa, au wezi, au ndugu wa kuombaomba, atabaki na kamba mkononi. Kwa hiyo huwekesha wawili kwa rafiki wa huku, mmoja kwa shemeji wa kule. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa, anapata samadi, na ng'ombe akimfia anapeleka ngozi kwa aliyempa ili ionekane kwamba hakumuuza. Na adabu ya jambo hili ni kutouliza. Unamjua aliyekupa, basi. Yeye alipewa na nani, au ni wake, hayo hayakuhusu.

Zizi niliiandika ili ifanye hasa kile ambacho adabu inakataza. Ukiipa namba ya hereni, inamtafuta mtunzaji, inamwangalia aliyempa, inamwangalia aliyempa huyo naye, inapanda hivyo hivyo hadi ifike kwa mtu ambaye hakupewa na yeyote. Huyo ndiye mwenye ng'ombe. Watu waliitikia kuandikishwa kwa sharti kwamba majibu hayo atayaona afisa mifugo peke yake, na tena kukiwa na haja.

"Nani alikupa?" Sylvester alimuuliza.

"Specioza. Alikuwa Dutwa, sasa amehamia Maswa."

Tukampigia. Specioza, mama mmoja mjane, alikuwa kwa binti yake, huko Nyalikungu, Maswa, na nyuma yake nilisikia vyombo vinaoshwa. Alisema na yeye alipewa, na Mayige.

"Mayige si ndiye..." Sylvester alianza.

"Tulimzika baada ya Pasaka," alisema Specioza. "Yeye alimpata wapi, mimi ningemuuliza kwa mdomo gani?"

Sylvester alikata simu, akanigeukia. "Haya, fundi. Kazi yako hiyo. Mwaka jana nilipasua ng'ombe kwa kauli ya mtunzaji, mwenyewe akatokea, nikashinda kwenye baraza la kata wiki tatu najibu maswali. Sirudii. Nipatie mwenye ng'ombe kabla ya saa tano. Ikipita hapo hakutakuwa na cha kuchagua."

"Dakika moja," nilisema. Watu wa kazi yangu tunaipenda sana dakika moja.

Nikafungua kompyuta mapajani, nikaandika 0417, nikabonyeza. Skrini ikanijibu kwa mstari mmoja: sharti limeshindwa, mstari wa 212. Kisha kimya.

"Limeshindwa nini?" Sylvester aliuliza.

"Limeshindwa."

"Nasikia. Nini kimeshindwa?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hivi?"

Nilimjibu vibaya, najua. Ilinipanda aibu, na aibu yangu mimi hutoka ikiwa imevaa hasira. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kimeanza kunitekenya. Mstari wa 212 niliujua kwa moyo.

Sharti ni mahali ambapo fundi anaiambia mashine: hapa jambo hili lazima liwe kweli, na ukikuta si kweli usiende hata hatua moja mbele, kufa papo hapo nikuone. Wengi wanadhani programu nzuri ni ile isiyokufa. Mimi nimegombana na nusu ya mafundi wa Kanda ya Ziwa kwa kusema afadhali inayokufa na sababu yake kuliko inayoendelea kudanganya kwa upole. Na sharti la 212 lilisema hivi: katika safari ya kumtafuta mwenye ng'ombe, mtu mmoja hawezi kukutwa mara mbili. Nililiandika nikicheka. Nani huyo atakayetunza, kwa niaba ya mtu mwingine, ng'ombe aliyemtoa yeye mwenyewe?

Sasa mashine ilikuwa inaniambia kwamba yupo.

Sikuiamini. Nikafanya kile ninachowakataza wengine wote: nikalizima lile sharti ili programu ipite. Ikapita kweli. Ikaanza kuzunguka, feni ya kompyuta ikalia, mapaja yakaungua, na jibu halikuja. Ilikuwa inapanda kwa mtu, kutoka kwake kwa mwingine, kutoka kwake kwa mwingine, bila kufika. Nikaikata, nikalirudisha sharti mahali pake. Dakika sita zilikuwa zimekwenda kwa ujinga wangu, na ng'ombe alikuwa ametoa mlio mfupi ambao Joakim aliufuata akachuchumaa kichwani kwake, akamnong'oneza kitu kwa Kisukuma.

Nikairuhusu programu ife tena, safari hii kwa utaratibu. Programu ikifa kwa sharti, kompyuta inaweza kuchukua kila kilichokuwamo kichwani mwake dakika ile ile ya kufa, ikakimwaga kwenye faili moja kubwa. Faili hilo huitwa core. Ndani yake hakuna maelezo wala msamaha. Ni kumbukumbu tupu, namba kwa namba, kama ilivyokuwa wakati roho inatoka. Fundi anafungua dibaga, yaani programu ya kuchungulia programu nyingine, halafu anaanza kuuliza.

Joakim alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. "Hiyo si imekufa?"

"Imekufa, baba."

"Na bado unaiuliza?"

"Naiuliza."

"Inajibu?"

"Ukijua kuuliza."

"Basi ina nafuu kuliko Mayige," alisema, akachuchumaa karibu ili aone.

Swali la kwanza ambalo kila fundi huuliza ni: ulikuwa unafanya nini, na nani alikutuma? Dibaga hutoa mlolongo wa miito. Juu kabisa ni pale programu ilipofia, chini yake ni aliyeiita, chini yake ni aliyemwita huyo, hadi mwanzo. Huwa nausoma kuanzia chini, kwa sababu napenda kufika kwenye kifo pole pole. Mwanzo, nikaona ombi langu la 0417. Juu yake, kazi ya kumtafuta mwenye ng'ombe. Juu yake, kazi ile ile. Juu yake, ile ile. Juu yake, ile ile tena, ya nne. Halafu sharti. Halafu mwisho.

Miito minne, kwa hiyo watu wanne. Kila mwito ulitakiwa kunionyesha namba ya mtu aliyekuwa anaulizwa. Lakini mahali pa namba, dibaga iliandika kwamba thamani imeondolewa. Nilipoitengeneza Zizi niliiambia kompyuta iifanye iende kasi, na kompyuta, ili iende kasi, ilitupa kila ilichoona si lazima kukishika. Mimi ndiye niliyeomba kasi. Mimi, mwenye maneno mengi.

"Saa nne kasoro," Sylvester alisema. Hakuniangalia. Alikuwa anachemsha vyuma vyake kwenye jiko la mkaa la Joakim.

Nikajikuna kichwa. Kama miito imesahau, nani mwingine anakumbuka? Ndipo nikakumbuka kwamba lile sharti, ili lijue mtu amekutwa mara mbili, lazima liwe na orodha ya waliokwisha kupitiwa. Hiyo haikuweza kutupwa. Iko mahali. Nikaitafuta kwenye ile kumbukumbu, nikaiomba dibaga inifungulie. Ikafunguka. Namba nne: 31, 8, 55, 31.

Niseme tu ukweli, hapo nilimsahau ng'ombe, nikamsahau Sylvester, nikasahau hata kwamba nimekaa uani kwa mtu. Ile thelathini na moja ya mwisho ilikuwa inanitazama.

Nikaita majina. Nane: Specioza. Hamsini na tano: Mayige. Thelathini na moja: Joakim Mhoja. Yaani Joakim kapewa na Specioza. Specioza kapewa na Mayige. Na Mayige, kwa mujibu wa mashine, kapewa na Joakim.

Joakim alikuwa amechuchumaa pembeni yangu anatazama skrini, haelewi kitu. Nikaiinamisha kidogo.

Fundi akikuta ajabu, kwanza huishuku mashine. Labda kumbukumbu imechafuka, namba ya mtu mmoja imemwagikia juu ya nyingine. Nikaangalia nafasi zilizofuata baada ya zile nne. Zote sifuri, safi. Nikaipa Zizi ng'ombe wengine watano wa Kasoli hiyo hiyo. Wote wakajibiwa vizuri. Mashine haikuwa na kosa.

Baada ya mashine, humshuku mwanadamu. Majina yote ya Kasoli na Dutwa aliyaandikisha dada mmoja hodari anaitwa Domitila, akitembea nyumba kwa nyumba na daftari. Nilidhani nimempata. Amechoka, jua kali, anaandika jina la mtunzaji pale panapotakiwa jina la mtoaji. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikampigia.

"Domitila, Mayige wa Dutwa, marehemu. Yule ng'ombe aliyemwekesha Specioza. Uliandika kwamba Mayige alipewa na Joakim wa Kasoli. Si ulikosea hapo?"

"Felisita, mimi nikikosea unaniambia, na huwa nakubali." Sauti yake ilibadilika. "Hapo sikukosea."

"Kwa hiyo Joakim anatunza ng'ombe aliyemtoa yeye mwenyewe?"

Nilisikia anavuta mlango.

"Nani kakuambia?" aliuliza.

"Mashine."

"Yenyewe?"

"Imekufa ikisema."

"Basi si mimi niliyesema," alisema Domitila, na nikasikia pumzi inamtoka. "Maana nilimwapia marehemu Mayige kwamba sitasema."

Akanieleza. Miaka mingi nyuma Joakim alikuwa na ng'ombe tisa, akawa mtu wa kilabuni. Kila wiki ya mnada alikuwa anaswaga mmoja. Alipobakiwa na mtamba mmoja, mwekundu mwenye baka kwenye paji, rafiki yake Mayige alimwomba amwekeshe, akampeleka Dutwa. Haikupita mwaka Joakim akaenda kumchukua. Mayige alijua safari yake ni ya mnadani. Akamwambia mtamba amekufa. Akampelekea na ngozi, maana bila ngozi asingeaminika.

"Ngozi ya nani?" niliuliza.

"Ya ng'ombe wake mwenyewe. Alichinja dume lake jekundu apate ngozi ya kumdanganyia rafiki yake."

Yule mtamba akazaa Dutwa. Binti wa yule mtamba Mayige akamwekesha kwa Specioza. Binti akazaa binti, mwekundu, mwenye baka, ndiye huyu 0417. Na mzao wa ng'ombe wa kuwekeshwa ni wa mwenye ng'ombe, hilo hata watoto wa kwetu wanalijua. Specioza alipotaka kuhamia Maswa alimwambia Mayige aje amchukue ng'ombe wake. Mayige alikataa. Akamwambia: mpeleke kwa Joakim wa Kasoli, umwekeshe, mwambie ni wako.

"Sasa kwa nini asimwambie tu ni wake?" nilimuuliza Domitila. "Alikuwa amekwisha kuacha pombe?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alicheka. Akasema, 'Wa kwake atamnywa. Wa mtu atalala naye mlango mmoja.'"

Nilirudi uani nikiwa na simu mkononi, na sikujua niweke wapi uso wangu. Nilikuwa nimetafuta kosa kwa saa nzima, kwenye mashine, kwenye kalamu ya Domitila, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika kwamba jambo hili haliwezekani. Mzee mmoja wa Dutwa asiyejua kuwasha kompyuta alikuwa amelifanya liwezekane, taratibu, kwa miaka, kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilifurahi pia, na sioni haya kusema. Ile furaha ya kuona kitu kimekaa mahali pake. Haikudumu, kwa sababu Joakim aliinua uso akaniuliza, "Umempata mwenyewe, mayu?"

Sylvester naye akaniangalia. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Nimempata," nilisema. "Ni wewe, baba."

Alitabasamu, kwa adabu, kama mtu anayevumilia utani wa mtoto wa mtu. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu. Nilipofika kwenye mtamba tabasamu likamwisha.

"Yule alikufa," alisema. "Mayige mwenyewe alileta ngozi. Iko humo ndani."

"Ilikuwa na sehemu ya kichwa?"

"Nini?"

"Ngozi. Ile sehemu ya paji, yenye baka. Ilikuwapo?"

Nilimuuliza kwa sababu nilitaka kujua. Hiyo ndiyo tabia yangu, nzuri na mbaya. Joakim aliingia ndani. Alitoka na ngozi nyekundu, imelainika kwa kukaliwa miaka, akaitandaza juani. Ilikuwa imekatwa shingoni, sawasawa, kwa kisu kizuri. Aliipitisha kidole pale ilipokatwa, mara moja, mara mbili.

"Siku ile nilikuwa nimelewa," alisema. "Niliona nyekundu, nikasema ndiyo yenyewe. Nikamlaani Mayige kwamba hajui kutunza. Sikuzungumza naye vizuri mpaka amekufa." Akaikunja ngozi polepole. "Nilienda msibani nikakaa nyuma."

Ng'ombe alijaribu kuinua kichwa, akashindwa, akakirudisha kwenye nyasi.

"Baba," Sylvester alisema, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. "Muda."

Joakim alichukua ile karatasi. Akaisoma, au alijifanya kuisoma. Asubuhi, ng'ombe alipokuwa wa mtu, alikataa kuigusa kwa heshima. Sasa aliishika kwa mikono miwili.

"Ningekuwa nimeambiwa ni wangu," alisema, "huyu asingekuwepo hapa leo. Nisingefika naye hata kiangazi kimoja." Kisha akauliza, "Ndama angali hai?"

Sylvester alijipaka sabuni, akaingiza mkono, akapapasa. "Yu hai. Ananivuta, lakini kidogo."

Nilimwona Joakim akifumba macho. Watu wanadhani kuchagua hivyo ni rahisi kwa wafugaji, kwamba ng'ombe ni ng'ombe. Waje wasimame pale.

"Huyu mama katoka kwa mama yake, na mama yake katoka kwa mtamba wangu," alisema. "Mayige amewahifadhi wote hao. Sitamuua wa mwisho kwa mkono wangu. Mwokoe mama."

Akaweka sahihi, herufi moja moja, penye mstari ule ule wa mwenye mnyama.

Sitasimulia kazi ya Sylvester. Ilichukua zaidi ya saa nzima na Joakim hakuondoka kichwani kwa ng'ombe hata mara moja. Alimshika masikio, akamziba macho kwa kiganja, akamsemesha mfululizo. Mimi nilibeba maji, nikamwaga, nikabeba mengine, nikageuka ukutani mara mbili. Ndama alikuwa jike. Joakim alimfunika kwa ile ngozi iliyokatwa shingo na kumpeleka nyuma ya nyumba mwenyewe, hakutaka msaada.

Saa nane ng'ombe alikunja miguu ya mbele, akasukuma, akaanguka. Akajaribu tena. Mara ya tatu akasimama, miguu imepanuka, anatetemeka, akanywa ndoo nzima ya maji bila kupumzika. Sylvester alicheka kwa sauti, akakaa chini pale pale kwenye matope. Nilitaka kumkumbatia mtu, nikamkosa wa kumkumbatia, nikaifungua kompyuta.

Kazi yangu ilikuwa imebaki moja. Kumbukumbu ya 0417 ilikuwa inazunguka, na ilimradi inazunguka programu ingekufa kila ikiulizwa. Dawa yake ilikuwa nyepesi. Unafuta ule mviringo, unaandika mwenye: Joakim Mhoja, mtunzaji: Joakim Mhoja. Nilikwisha kuandika herufi tatu za jina lake alipokuja kusimama karibu, mikono yake imeoshwa, bado ina harufu ya damu.

"Unaandika nini, mayu?"

"Naandika kwamba ni wako. Mashine ijue."

"Usiandike."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba, ni wako. Umeweka sahihi."

"Niliweka sahihi kwa sababu alikuwa anakufa na hapakuwa na mwingine. Sasa hafi." Aliketi chini, akatazama mikono yake. "Kila kilichowahi kuandikwa jina langu nimekiuza. Shamba la pamba, baiskeli, ng'ombe wanane. Sijaonja pombe mwaka wa sita huu, lakini mimi najijua kuliko unavyonijua. Kuna siku nikipita pale kilabuni miguu inageuka yenyewe. Kinachonirudisha nyumbani ni kwamba kuna ng'ombe wa mtu hajanyweshwa maji."

"Sasa nimwandike nani?"

"Mwandike Mayige."

"Mayige amekufa, baba."

"Ndiyo," alisema Joakim. "Aliyekufa nitamwomba wapi ruhusa ya kumuuza?"

Sylvester alikuwa anafunga mkoba wake. Alinitazama, akatazama pembeni. Yeye ndiye mwenye haki ya kuona majibu ya Zizi, na nilielewa kwamba hataona kitu.

Nilikaa pale kwenye kigoda na kompyuta mapajani. Maisha yangu yote ya kazi nimeizuia mashine isiseme jambo lisilo kweli, na nimewakosea adabu watu wazima kwa ajili ya hilo. Joakim hakunisihi tena. Alikwisha kuinuka, alikuwa anamwekea ng'ombe majani na kumwita kwa jina ambalo sikulijua. Nikafuta zile herufi tatu. Kwenye nafasi ya mtunzaji nikaandika Joakim Mhoja. Kwenye nafasi ya mwenye ng'ombe nikaandika Mayige, na mashine ikakubali bila swali lolote.